Nahodha Aliyewekewa Mtamba

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kule Basotu hilo halikusahauliwa hata siku moja. Mchuuzi wa pwani akiuza mnadani kanga inayochuja rangi, nalaumiwa mimi. Redio ikisema kuna upepo mkali baharini, watu wanakuja zahanati kunipa pole, hata wasioumwa. Nilikuwa nesi mkunga wa serikali, kijana, nina sare nyeupe na baiskeli, na aliyenipangia kituo kule Hanang nadhani hakuwahi kufika, maana alinishauri nibebe nguo nyepesi.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, watu wanatolewa kwenye maboma yao ya mbali na kupangwa vijijini kwa mstari. Nyumba yangu iliangukia jirani na ya mwanamke mmoja Mwiraqw, mama wa watoto wengi, ambaye nilimwita Mama Jirani mpaka naondoka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwasha moto kuni zikiwa zimelowa, kujifunga blanketi bila kuona haya, na kusalimia.

Kusalimia kule ni kazi. Shikamoo ni kubisha hodi tu. Ukishaingia unaulizwa nyumbani, watoto, wagonjwa, mvua, shamba, halafu ng'ombe: wameamkaje, wamekunywa wapi, yule wa mguu anaendeleaje. Hapo kwenye ng'ombe ndipo watu wanapokaa vizuri kwenye kigoda na mazungumzo yenyewe yanaanza. Mimi nilisalimiwa mpaka shamba, basi. Likifika la ng'ombe Mama Jirani anakohoa kidogo kwa adabu, analiruka, ananiuliza habari za dawa. Miaka mitatu narukwa hivyo. Nilijifanya sijali, na nilijali sana.

Na wala si kwamba ukanunue ng'ombe ndiyo uwe mtu. Unawekewa. Mwenye ng'ombe wengi hawarundiki wote zizini kwake. Anamwekea rafiki huyu mmoja, rafiki yule wawili. Rafiki anachunga, anakamua, watoto wake wanakunywa, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Akifa, unampelekea mwenyewe ngozi na kumweleza kifo kilivyokuwa. Zizi la Mama Jirani lilikuwa limejaa, lakini wa kwao hasa alikuwa dume mmoja kilema. Waliobaki walikuwa wa mzee mmoja wa Masieda, kule juu Mbulu. Watoto wa Mama Jirani walikua kwa maziwa ya mzee huyo, na mzee huyo hakuwaacha wasahau.

Basi katika hali hiyo, siku moja ya masika, tukaletewa mashua.

Ilikuja juu ya lori, nzima nzima, na mlingoti wake umefungwa ubavuni. Ilikuwa inatoka Tanga inakwenda Mwanza kwenye mradi fulani wa uvuvi. Kwa nini mtu asafirishe mashua kwenda kwa watu wa Ziwa Viktoria, ambao wanachonga zao tangu enzi za mababu, hilo waulizeni waliokaa kwenye kamati. Njia kubwa ilikuwa imekatika kwa mvua, dereva akajidai anaijua ya mkato, na giaboksi ikamfia mbele ya zahanati yangu. Dereva akalaani, akanywa uji, akadandia trekta la mashamba ya ngano kwenda kutafuta spea. Akasema anarudi baada ya wiki. Tulikuja kumwona tena maharage ya msimu uliofuata yakiwa yamepukuchuliwa.

Aliyeachwa kulinda mashua ni nahodha wake, mtu aliyepita umri wa makamo, mfupi, ana kofia ya kiua na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliposikia lafudhi yangu nusura alie.

"Binti yangu! Mungu kakuleta! Hawa watu hawana hata bahari!"

"Shikamoo, Nahodha. Wana ziwa."

"Marahaba. Lile? Lile si bakuli tu?"

Na maneno hayo alikuwa anayasema mbele ya watu, kwa sauti ileile, akiamini kwamba mtu wa bara akisema Kiswahili polepole basi anakisikia polepole pia. Nikatamani ardhi ipasuke. Miaka mitatu najenga jina langu kijijini pale, halafu linaletwa lijitu na lori kulibomoa asubuhi moja.

Baada ya siku chache akaanza kupiga kelele kwamba jua linaiua mashua. Mbao zikikauka zinaachana, ikifika Mwanza itakuwa tenga la kubebea kuku. Lazima iingie majini. Kijiji kizima kikasimama kumsaidia, kwa kamba na maksai, na Katibu wa kijiji akaongoza kwa kupiga filimbi, kazi aliyoipenda kuliko jembe. Mashua ikateremshwa ziwani, ikatweka tanga, ikaenda. Watoto walishangilia mno. Kabla hawajamaliza kushangilia ilikuwa imefika ng'ambo. Nahodha akageuza, akarudi. Akaenda tena. Baada ya hapo alikaa mle ndani amekunja mikono, anawaangalia viboko, nao wanamwangalia.

Katibu alimfuata na swali zito: chombo hiki kimeshajiunga na kijiji, au bado ni cha mtu binafsi?

"Ni cha serikali," akasema Nahodha.

"Serikali ni sisi," akasema Katibu, akapanda, akazungushwa ziwa zima akiwa amesimama na mkono kiunoni. Aliposhuka alitapika pembeni ya mkutano alioitisha mwenyewe pale ufukweni. Sikumpa dawa haraka.

Kwa kusema kweli, Nahodha hakutaka urafiki na mtu. Chakula hakina nazi. Makande yanamjaza tumbo upepo. Baridi hii si ya binadamu. Wanaume wa hapa hawasemi, wanakuangalia tu. Kila jioni alikuja kibarazani kwangu kunimwagia hayo, kwa kuwa mimi ni ndugu, na kila asubuhi Mama Jirani alinimwagia yake: ndugu yako amemwambia mume wangu kwamba blanketi ni nguo ya wagonjwa.

"Si ndugu yangu, Mama. Tanga ni mkoa mzima."

"Mnaongea sawasawa," akajibu, na kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Kilichombadilisha Nahodha ni tanga la mashua. Maharage yalikuwa yametandazwa uwanjani kupigwa, mume wa Mama Jirani akaja kwa heshima zote kuomba lile turubai lililoko majini. Nahodha akatoa macho. Tanga ni tanga, halitandikwi chini, halikanyagwi na miguu, na asisikie tena habari ya turubai! Mume wa Mama Jirani akamshukuru, akaondoka. Mchana ule mvua ikaja ghafla kutoka upande wa mlima Hanang, na wanawake wakaanza kuyafunika maharage kwa blanketi zao, wamebaki wanatetemeka. Nahodha akaangalia. Akawatukana wote, akaitukana mvua, akamtukana dereva. Halafu akakimbia ziwani, akalifungua tanga kwa mikono yake, akarudi nalo begani anahema, akayafunika maharage mwenyewe na kuketi juu ya pembe moja upepo usilibebe.

Tangu siku ile tanga halikurudi kwenye mlingoti. Lilitoka nyumba hadi nyumba: maharage, mahindi, arusi moja, kipaimara kimoja. Nahodha alilifuata kila liendako, eti kulilinda, na kila liendako palikuwa na chakula. Makande yakaacha kumjaza upepo. Mdomo wake haukupungua, lakini watu walishajua kuupima, wakaanza kumcheka, naye akacheka.

Wakataka sasa kumsalimia kama mtu, ndipo wakakwama palepale. Nyumbani? Kuzuri. Watoto? Wazima. Mvua? Wanaona wenyewe. Ng'ombe? Kimya. Wanaume walikuwa wanakunja sura kwa kumwonea huruma, mtu mzima kiasi kile hana hata mkia mmoja. Mwishowe mume wa Mama Jirani akaamua kumwekea mtamba mmoja, jike asiyewahi kuzaa, kati ya wale ng'ombe wa mzee wa Masieda.

Mama Jirani aliponipa habari hiyo nilikuwa nimeshika kikombe cha maziwa, nikakiweka chini.

"Kwa nini yeye?"

"Ni mpweke."

"Mimi je? Miaka mitatu!"

"Wewe Nesi ni wa serikali. Kesho utahamishwa."

"Na yeye ni wa lori!"

"Lori limekufa," akasema Mama Jirani, taratibu, kwa hekima iliyoniudhi mwezi mzima. Halafu akaongeza: "Na tunampa kwa kuwa ni ndugu yako. Likitokea lolote tutakuuliza wewe."

Nikacheka. Ningejua, nisingecheka.

Nilimweleza Nahodha mambo yote ya kuwekewa, kwa kirefu. Ng'ombe si wako. Hachinjwi, hauzwi. Akaelewa, akachukia. "Wamenipa asiye na maziwa! Ubahili wa bara huo!" Lakini alimchunga. Alimpeleka majani mazuri ya kandokando ya ziwa, akamwimbia, akampiga brashi ya kusugulia mashua. Kila wiki alikuja kunitambia: umemwona tumbo? Waambie majirani zako kunenepesha ng'ombe ni kujua, si kuzaliwa nao. Na watu walimpongeza: kweli, tumbo ni zuri. Hakuna aliyemwambia mtamba yule ana mimba, kwa sababu nani anamwambia mzee wa watu kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza anakiona akiwa ng'ambo ya barabara? Mimi mwenyewe mkunga, ninayepima matumbo tangu asubuhi hadi saa tisa, nilidhani anatania.

Ilikuwa siku ya kliniki. Nilikuwa napima watoto uzito nikasikia Nahodha anapiga kelele kule ufukweni: "Kisu! Nani ana kisu! Anakufa!" Nikaacha mtoto kwenye mizani kwa mama yake, nikakimbia.

Mtamba alikuwa chini, amelalia ubavu, miguu imenyooka, macho yamegeuka, anaguna kwa uchungu ambao mimi naufahamu kuliko ninavyofahamu jina langu. Nahodha alikuwa amepiga magoti upande wa kichwa, amemgeuza Kibla, machozi yanamtoka. Kwetu mnyama akiwa anakata roho unamwahi, asife kibudu, nyama ikawa haramu na roho yake ikateseka bure. Nilikuwa mbali bado. Nilimwona anainua kisu cha kukatia kamba, nikamsikia "Bismillahi," na damu ikaruka.

Mimi nilifikia upande wa mkia. Kwato mbili ndogo nyeupe zilikuwa zimeshatoka.

"Nahodha! Anazaa!"

"Nani?" akauliza yule bwana.

Mnisamehe, nilichokuwa nataka kumjibu hakiandikiki. Nilitupa viatu, nikazishika zile kwato, nikavuta kwa nguvu zote, naye mama yake anatetemeka mara za mwisho. Ndama akatoka. Nikamfuta pua, nikampulizia, nikampiga mbavu, akapiga chafya. Jike. Nahodha alikuwa amekaa chini na kisu mkononi, anamwangalia mama, anamwangalia mtoto.

Mama Jirani akafika. Akaangalia yote. Hakupiga yowe. Alivua shuka yake, akamkausha ndama, akambeba begani na kuondoka, na alipopita kando yangu hakuniangalia usoni.

Kesho yake asubuhi nilimwambia habari za asubuhi, akaniitikia nzuri, akaingia ndani. Basi. Hakuna nyumbani, hakuna watoto, hakuna mvua. Nikasema moyoni: mlikuwa mnaniruka swali moja, sasa mmeniruka yote! Nilirudi chumbani nikalia kwa hasira. Nilijua kinachomkaa rohoni. Mumewe alikuwa ameshashika njia na ile ngozi kwenda Masieda, na mzee akikasirika angechukua ng'ombe wake wote. Zizi lingebaki na yule dume kilema, ambaye hata ukimkamua kwa upole namna gani hatoi kitu. Watoto wangekunywa nini?

Kijijini maneno yalishaenea. Watu wa pwani walitamani nyama. Walimnenepesha makusudi. Katibu alisema hili ni pigo kwa uchumi wa kijiji, akaondoka na mguu mzima wa nyuma kama ushahidi.

Mzee wa Masieda alikuja na mume wa Mama Jirani siku ya soko. Msidhani alikuwa mzee wa busara wa kuigizwa redioni. Alikuwa mkali, mbishi, anavuta ugoro bila kukaribisha mtu, na kabla hajakaa alishalalamikia kigoda, uji na viroboto wa Basotu. Tukakusanyika zizini. Nahodha akamwamkia shikamoo, ingawa nadhani umri wao ulikaribiana. Mzee hakuitikia.

"Ng'ombe wangu wote wanarudi Masieda," alianza hivyo, moja kwa moja. "Aliyempa mgeni kazi hiyo hajui kulinda kitu."

Mama Jirani aliinamisha kichwa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni, ananyonya kidole.

Nahodha akasimama. Niliogopa. Nikasema moyoni, leo huyu ataeleza kwamba Tanga ng'ombe wanazaa kwa namna nyingine. Lakini alivua kofia.

"Mzee, nilimsikia analia. Nilidhani anakufa. Sikuweza kumwacha ateseke. Mimi najua samaki. Samaki hazai hivyo."

Mzee akamtazama. Akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mkunga? Hukumwambia ng'ombe ana mimba?"

Na mimi damu ilikuwa imechemka tayari. "Mzee, wewe ulishamwambia nani mtu mzima kwamba ng'ombe ana mimba? Hapa pamejaa watu. Mmoja aseme kwamba alimwambia!"

Watu waliangaliana. Kila mmoja alikuwa amelisifia lile tumbo.

"Ina maana huyu," mzee akasema polepole, akimnyooshea Nahodha fimbo, "alidhani ni unono?"

"Unono, mzee," akaitika Nahodha. "Nilikuwa najisifu."

Mzee alianza na kikohozi. Halafu mabega yakatikisika, ugoro ukamtoka puani, akashika nguzo ya zizi asianguke. Alicheka mpaka ng'ombe wakasogea. Na alipocheka yeye, wote wakacheka, isipokuwa Mama Jirani, aliyekuwa anasubiri aambiwe watoto wake watakunywa nini.

"Ng'ombe wangu wabaki hapahapa," mzee akasema akijifuta macho. "Na ndama huyu hana mama. Aliyemuua mama ndiye mama. Atamnywesha, atamkuza mpaka azae. Akizaa, yeye ni wangu, ndama wake ni wa huyu bwana. Na safari hiyo akilia, kisu kishikwe na mtu mwingine."

Watu walisifu hekima hiyo kwa miaka. Mimi nasema hakutaka tu kumbeba ndama anayelia kutoka Basotu mpaka Masieda. Lakini Mama Jirani aliinua kichwa, na jioni ile akaniletea maziwa mlangoni. Nikayanywa yote nimesimama.

Dereva alirudi na giaboksi ndama akiwa ameshaanza kula majani. Mashua ikavutwa kutoka ziwani, tanga likatafutwa nyumba kwa nyumba, likapatikana lina madoa ya maharage na shimo la kaa la moto. Siku ya safari dereva akapiga honi. Akapiga tena. Nahodha hakuonekana. Nikaenda kumtafuta, nikamkuta malishoni na ndama wake, amejifunga lile blanketi la wagonjwa.

"Lori linaondoka!"

"Mwambie aende. Huyu hapokei chakula kwa mtu mwingine."

"Nikamwambie dereva nini sasa? Una likizo ya uzazi?"

"Mwambie hivyohivyo," akasema, wala hakucheka.

Mashua ilifika Mwanza. Mtu aliyepita huko baadaye aliniambia ameiona nyuma ya ghala la mradi, kuku wanatagia ndani.

Nahodha alijenga kibanda kando ya zizi. Alijifunza Kiiraqw kwa lafudhi iliyowafurahisha watoto wa shule. Mgeni wa pwani akipita, muuza nguo au karani, alimpokea kwa dharau: nyie watu wa baharini hamjui ng'ombe, kaa mbali na huyo. Ndama akawa mtamba, mtamba akabeba mimba, na safari hii Nahodha alimtangazia kila mtu, hata Katibu, hata viboko nadhani. Siku ilipofika aliniita alfajiri. Kisu chake alikuwa amempa Mama Jirani tangu juzi yake. Alisimama upande wa mkia, ananiuliza kila dakika kama ni kawaida. Kila kitu kilikuwa kawaida. Ng'ombe alijizalia mwenyewe, akatuangalia sote kwa kuona tunamsumbua.

Nilikuwa nanawa mikono. Nahodha akamshika ndama yule shingoni, ndama wake mwenyewe, mali yake ya kwanza ya miguu minne duniani.

"Binti yangu," akasema, "huyu akiacha kunyonya nakuwekea wewe."

"Mimi? Mimi ni wa serikali. Kesho nitahamishwa."

"Ukihamishwa atalala kwa Mama Jirani. Atabaki umewekewa wewe."

Yaani mtu niliyemwonea haya mbele ya kijiji, niliyekana undugu naye hadharani!

Kesho yake asubuhi nilitoka na ndoo yangu. Mama Jirani alikuwa anafagia. Shikamoo, marahaba. Nyumbani? Kuzuri. Wagonjwa? Wanapona. Mvua? Itakuja. Shamba? Linangoja mvua. Akaacha kufagia, akaegemea ufagio. Hakukohoa.

"Na ng'ombe wako," akaniuliza, "ameamkaje?"

Nikaweka ndoo chini, tukakaa.